Meza Nyeupe ya Jikoni

Baba watoto, huko kambini kwenye ujenzi,

Sisi wazima, na bati lililokuwa likivuja limezibwa. Binti yako amemimina meza ya jikoni kwa saruji nyeupe, laini kama yai lililomenywa. Jirani ameishika akaisifu, nawe unaujua mdomo wake.

Ulisema zege si kazi ya mwanamke, na tangu hapo hamsemeshani. Sasa hataki kuipaka dawa ya kuzuia madoa. “Mama, baba ndiye fundi. Aikague kwanza, kasoro zikiwa bado zinarekebishika.”

Bila dawa, tone moja la mchuzi litaiharibu, kwa hiyo napikia uani, mvua ikininyeshea. Njoo, mume wangu. Mkosoe ukitaka, mradi useme naye.

Mkeo,
Mama Fundi