Nimeombwa Nisome Maisha ya Baba, na Sijui Nisome ya Baba Yupi

Mama Mshauri, shikamoo. Nakuomba unisikilize mpaka mwisho hata nikirukaruka, maana kichwa changu sasa hivi ni kama stoo iliyopekuliwa na mtu asiyerudisha kitu mahali pake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, binti wa kwanza wa baba aliyefariki wiki tano zilizopita, asubuhi, akirekebisha bawaba ya mlango wa jikoni, mama akadhani ameinama kuokota skrubu. Alikuwa msimamizi wa ujenzi, alianza kwa kubeba ndoo za zege akapanda mpaka kushika ramani, na mafundi walimwita Timazi, kama ile kamba yenye kizito inayopimia unyoofu wa ukuta, kwa sababu ukuta ukipinda hata kwa upana wa kucha aliubomoa, uwe wa nani. Nyumbani alikuwa baba wa kucheka naye. Mama alipolazwa wiki mbili, baba alitusuka nywele mimi na mdogo wangu, mistari imenyooka kama tofali, shuleni wakatuuliza tumesukwa saluni gani. Tukihamia nyumba mpya aligonga kuta zote kwa vidole, akisema ukuta nao husema uongo kama mtu, ila ukiugonga unakiri. Huyo ndiye baba ninayemjua mimi, Mama, na ndiye niliyemlilia.

Ila kulikuwa na Jumapili. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana alichukua mfuko wake wa vifaa akaondoka, akarudi jioni, miaka kumi na moja. Mama alimuuliza mara moja tu, akajibu, "Kuna kazi sijaimaliza." Jumapili gani hiyo saiti imefunguliwa? Tangu hapo akichukua mfuko mama alisema, "Haya, nisalimie mwenzangu," na baba hakubisha, hakukubali, akafunga mlango taratibu. Sisi watoto tukakua tukijua baba ana mwanamke mahali. Hatukulisema, tulilizoea, kama mtu anavyozoea kigae kilichopasuka na kukikwepa bila kutazama chini.

Siku ya tatu ya msiba akaja mtu kwenye kiti cha magurudumu, anasukumwa na binti yake mkubwa, akaomba kuongea na mimi peke yangu. Tukaingia chumba cha watoto, tukafunga mlango.

"Mimi ndiye Jumapili ya baba yako," akaniambia.

Alikuwa fundi mwashi chini ya baba. Miaka kumi na moja iliyopita walimwaga zege la ghorofa ya kwanza ya jengo fulani, na mwenye jengo alikuwa na haraka, akataka mirunda iondolewe, ile miti inayoegemeza zege mpaka likomae. Zilikuwa zimepita siku tisa tu. Baba alijua hazitoshi. Baba, Mama Mshauri! Timazi! Akasema ndiyo, ondoeni. Zege likashuka, likamvunja fundi uti wa mgongo. Kisha ripoti ikaandikwa kwamba fundi mwenyewe aling'oa mrunda bila kuagizwa, na chini yake pana sahihi ya baba yangu.

Nikamuuliza, sasa Jumapili alikuwa anafanya nini kwako? Akasema, "Alikuja mara ya kwanza akaniambia, 'Nilijua, na nikasema ndiyo.' Mwaka mzima sikumsemesha. Aliosha vyombo, akaondoka. Alinijengea njia ya kupita kiti, akashusha kabati, akashusha sinki. Mwaka wa pili tukaanza kucheza drafti."

"Ulimsamehe?"

"Sijui. Nilimzoea."

Baba alimwahidi kwamba siku ya kustaafu atasimama mbele ya mafundi aseme ukweli. Akastaafu, akakata keki, akashukuru watu, akakaa chini. Jumapili iliyofuata akaenda kama kawaida, na fundi anasema siku hiyo walicheza drafti bila kutazamana.

Sasa Jumamosi ya wiki ijayo chama cha mafundi kinafanya kumbukumbu ya baba, watatundika picha yake ukumbini, na mimi kwa kuwa ni mwalimu nimepewa kazi ya kusoma maisha yake. Fundi ameniambia hivi: "Mafundi wenzangu mpaka leo wanasema nilijiangusha mwenyewe. Ukinitaja, sema yote. Kama huwezi, usinitaje kabisa." Baba mdogo nilimwonjesha tu, akaruka: "Marehemu hasemwi! Unataka kumfukua ndugu yangu?" Mama hajui lolote, anasema tu niandike alikuwa mume mwema, basi, na anavyolitamka hilo neno mume mwema nasikia Jumapili zote humo ndani. Nimeandika karatasi nne nikazichana nne. Nikimwandika baba wa nywele, namwona baba wa sahihi. Nikimwandika wa sahihi, namwona amesimama kwenye sinki la watu anaosha vikombe. Je, alikuwa mtu mwema au mwoga? Nilimlilia nani? Nisome nini?

Ni mimi, binti wa Timazi.

JIBU

Mwanangu, marahaba, na pole. Pole ya kweli, kwa sababu umefiwa mara mbili ndani ya wiki moja, na mara ya pili hakuna aliyekuja kukaa nawe mkekani.

Sasa tuongee. Barua yako ndefu, na ndani yake unahangaika na baba, baba, baba. Yeye ameshapumzika. Walio hai ni wawili: mama yako anayeamini alishindwa na mwanamke mwingine, na fundi anayeitwa mzembe kwa kosa la mtu mwingine. Kila siku unayochana karatasi, hao wawili wanaendelea kubeba mzigo usio wao. Wewe unasema umechanganyikiwa. Nakuamini. Lakini binti yangu, kuchanganyikiwa nako kuna starehe yake, maana mtu aliyechanganyikiwa haulizwi kwa nini hajafanya kitu.

Unaniuliza alikuwa mwema au mwoga. Swali hilo hukuombwa kulijibu. Umeombwa kusoma maisha yake, na maisha yake yana siku ile ndani. Alikuwa hodari, alikuwa baba mzuri, na aliogopa mbele ya karatasi moja, akaendelea kuogopa miaka kumi na moja huku anaosha vyombo. Kuosha vyombo ni jambo zuri. Halikufuta ile sahihi. Yeye mwenyewe alilijua hilo, ndiyo maana aliahidi.

Leo, si kesho, nenda kwa mama yako. Si kwa simu! Mwambie kabla ya mtu mwingine yeyote, na ukishamwambia nyamaza. Akikasirika usimtetee baba. Mwache amkasirikie mumewe kwa sababu iliyo ya kweli, kwa mara ya kwanza.

Kisha andika ile sehemu ya fundi kwa sentensi chache: zege lilikuwa na siku tisa, baba alijua, baba ndiye aliyeagiza, ripoti ilisema uongo naye akaitia sahihi. Usiweke "lakini" hata moja. Mpelekee fundi aisikie kabla ya ukumbi, na akikwambia futa neno, futa. Wape pia viongozi wa chama taarifa mapema, wasije kudhani umewavamia, na waombe waandike ukweli huo kwenye kumbukumbu zao.

Baba mdogo? Mpe chai, mpe kiti cha mbele, usimpe karatasi. Hao wanaosema marehemu hasemwi mara nyingi wanaogopa kusemwa wao.

Na ile ya nywele, isome pia. Usiione haya. Ni ya kweli kama nyingine.

BAADA YA WIKI TATU, BINTI HUYU ALITUANDIKIA TENA

Mama Mshauri, nilifanya. Mama alinisikiliza huku anachambua mchele, nikamaliza, akasukuma sinia pembeni, akaangua kicheko mpaka nikaogopa: "Miaka kumi na moja namwonea wivu mtu mwenye ndevu!" Kicheko kikageuka kilio, kilio kikageuka hasira, akapigapiga meza: "Si angeniambia? Si ningekwenda naye?" Siku mbili hakutaka kusikia jina la baba. Siku ya tatu akaniuliza nguo gani tutavaa.

Ukumbini nilisoma yote. Nilipofika kwenye siku tisa nilikunywa maji, nikaendelea. Baba mdogo alitoka nje. Nilipokaa, hakuna aliyepiga makofi, na sikujua kama nimemheshimu baba au nimemvunjia heshima, na hata sasa sijui, wala picha yake bado haijatundikwa, wamesema watajadili. Kisha mwashi mmoja mzee akainuka, akapita katikati ya viti mpaka kwa fundi, akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Nilikucheka. Niliwafundisha vijana kwa mfano wako. Nisamehe." Wakaanza kuinuka wengine.

Nilikuwa kiti cha pili kutoka kwa fundi, kwa hiyo nilisikia. Binti yake alimwinamia baba yake sikioni, machozi yanamtiririka, akamuuliza, "Baba, kwa nini siku zote hizo hukutuambia?"

Akamjibu, "Niliwaambia. Hamkuniamini."