Njahi ya Mama Mathenge

Khavere, weka kila kitu chini usome hii.

Dadangu Murugi ako siku ya tano tangu atolewe zile silikoni za matiti. Kifua yote ni bandeji, hata kuinua mkono achane nywele hawezi.

Sasa mama mkwe wake ametoka Karatina na sufuria. Kufunua, ni njahi.

Njahi, Khavere. Ile maharagwe nyeusi tunapikia mwanamke akizaa ndio maziwa ishuke.

Murugi akamwambia polepole, "Mama, mimi sikuzaa." Unajua alijibiwa nini? "Najua. Wewe kula tu, zitamea tena. Mathenge hawezi kaa na bibi kama ubao."

Kama ubao. Mbele ya akina mama watatu wa kanisa, na wao wanaitikia ati amina.

Hakuna hata mmoja aliuliza kama anaumwa. Na ni huyo Mathenge alimsumbua mpaka akaweka hizo silikoni, miaka sita anabeba uchungu akinyamaza.

Murugi akaisukuma sufuria na mguu, kwa sababu mikono haiwezi, mpaka ikagonga viatu vya mama.

"Mpelekee kijana yako. Ni yeye alitaka matiti, aoteshe zake."