Wameniweka Akiba

Mbaha, Jumatano

Hata sijui nifurahi au nilie. Chuo nilikoomba kusomea uzamili wa afya ya jamii kimejibu leo: nimewekwa akiba, nitaingia mtu akijitoa.

Nilimkuta Mama anaanika usipa, dagaa wa ziwani kwetu.

"Wamekuchukua?"

"Bado, Mama."

"Basi wamekukataa."

"Hapana. Nasubiri mmoja wa waliopata ajitoe."

Akaendelea kuanika. "Jumapili nitaomba kanisani huyo mtu ajitoe."

"Usiombe hivyo, Mama. Naye ana mama yake."

Mchana zahanatini nimetibu tena watoto wanaoharisha, walewale wa wiki iliyopita. Ndiyo maana naitaka sana hiyo nafasi, nijifunze kuzuia ugonjwa, si kutibu tu.

Sasa hivi nimepiga magoti kusali, na maneno yaliyonitoka ni yaleyale ya Mama. Nimeyakatiza katikati. Sijui niombe nini.