Waya Uliorudi Msituni

Alhamisi

Nyaya tatu za mitego zimepotea stoo ya kituo chetu tangu Jumapili. Mmoja nimeukuta leo kwenye doria yetu ya askari wanyamapori, msituni juu ya Machame, umemkaba mbawala jike shingoni. Alikuwa bado wa moto.

Ni ule ule. Kila waya wa majangili tunaoutegua naukunja ncha mara mbili kwa koleo kabla ya kuuweka stoo, na hakuna mwingine anayefanya hivyo. Nyaya zilikuwa kumi na nne. Sasa ziko kumi na moja.

Ufunguo wa stoo anao Eliasi, mtunza stoo, peke yake. Nilimuuliza jioni mbele ya wenzetu.

"Mama Neema, unahesabu waya kama mikungu ya ndizi! Labda panya wamekula."

"Panya wa hapa wanapanda mlima kutega mbawala, afande?"

Wote wakacheka isipokuwa yeye. Akaanza kupiga brashi kiatu ambacho tayari kilikuwa kinang'aa.

Na ile nyama aliyotugawia juzi, akasema ni mbuzi wa shemeji yake. Mbuzi gani hana mafuta hata kidogo? Nami nilikula, nikaomba na mchuzi.

Ninachoogopa ni kwamba nyaya nazikabidhi stoo mimi. Mkuu wa kituo ataanza na mimi, na kazi hii nimeipata baada ya kubeba mizigo ya wageni mlimani miaka sita.

Kesho gwaride ni saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya filimbi, Eliasi, nitajie jina: ulimpa nani? Ikipigwa hujasema, namwambia mkuu, na ule waya nitakuwa nao mkononi.