Mafiga ya Baba

Jumapili, Runzewe

Bado nanuka moshi. Juzi mimi na kaka Masanja tuliingia msituni kurina asali, tukaitafuta ile kambi ya marehemu baba, pale penye mti wa mninga. Tulikuta mashimo ya wachimba dhahabu. Hata mafiga yake matatu wameyaponda, eti huenda yana dhahabu. Mawe ya kupikia ugali.

Kaka akasema, "Mdogo wangu, tulale popote, msitu haudai kodi." Tukalala. Sikupata usingizi.

Baba alitufundisha kwamba ukiondoka kambini unamwachia atakayekuja mafiga na kuni kavu. Asubuhi kaka alitafuta mawe mengine matatu, akapanga kuni kando yake, taratibu. Sikumwuliza anamwachia nani. Mizinga yetu yote tuliikuta haina nyuki, na sisi hatutarudi.