Bata wa Harusi Wamenishinda

Kwako Yanling, mke wangu uliyekimbilia kwa kaka yako,

Mimi mzima, nguruwe wazima, na maua ninayochora bado hayana mpinzani mji mzima wa Luoyang. Hata ndege nachora mwenyewe sasa. Jana Mama Geng alikuja kuchukua picha ya harusi ya mwanawe, akawakodolea macho bata wangu wawili, wale wa kuwatakia maharusi mapenzi ya kudumu.

“We Baoshan, hawa wanaoana au wanapelekwa kuchinjwa?”

Nikacheka, kisha nikakiri: kwa miaka kumi na tisa ndege wote uliwachora wewe, nami nikigonga muhuri wa jina langu peke yake.

“Ndiyo maana kakukimbia, bwege wewe!”

Nimekuchongea muhuri wa jina lako, mkubwa kuliko wangu. Harusi ni Jumapili. Maua nimeshayachora upya; mahali pa bata nimepaacha wazi.

Ni mimi, mchora maua tu,
Guo Baoshan