Mabati ya Mama na Vigae vya London

Woolwich, London

Mdogo wangu Yusto,

Nakusalimu, na kabla ya yote nauliza: mama alilala wapi jana? Kikohozi chake kimepungua? Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua kwa kuinua wagonjwa katika nyumba ya wazee ninamofanya kazi. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu, nikianza kusema ukweli, mtandao wako hukatika.

Mama mdogo amenieleza yote. Katika kikao cha ukoo ulisimama ukazidisha mshahara wangu kwa bei ya pauni ya siku hiyo, wazee wakapiga makofi, nawe ukatangaza kwamba kaka ataezeka nyumba ya mama kwa vigae. Hukuniuliza. Kesho yake ukamwamuru fundi aezue mabati. Sasa mvua za Njombe zimeanza, na mama analala katika jiko la nje pamoja na kuni.

Nilipokupigia ulinijibu, "Kaka, pauni moja huku ni rundo la noti. Sema tu hutaki."

Yusto, pauni yangu haiishi Njombe. Inaishi hapa nami, na hapa inaliwa. Chumba changu kimoja humeza zaidi ya nusu ya mshahara. Kwa pesa ninayolipa kunyolewa, huko wangenyolewa wanaume wa kitongoji kizima. Nilimuuliza kinyozi wangu, Mzanzibari, kama bei hiyo ni ya nywele tu au na kichwa chenyewe. Akacheka. "Bwana, kichwa nakurudishia. Kodi ya duka ndiyo hairudi."

Ukitaka kuupima mshahara wangu, usiuzidishe. Uliza unanunua nini mahali unapotumika.

Tena kila shilingi iliposhuka ulinitumia ujumbe wa pongezi, kana kwamba nimepandishwa cheo. Dukani hukutazama? Shilingi ikishuka, saruji na mabati hupanda. Pengine si mwezi huo, lakini miaka ikipita bei zake huufikia mshuko huo. Pauni ninayotuma leo ina noti nyingi kuliko ya zamani, wala haiezeki chumba kikubwa zaidi.

Lililonikasirisha kupita yote ni mabati yenyewe. Nilidhani umeyahifadhi. Kumbe umeezekea banda lako la kuku. Kuku wako wanalala pakavu kuliko mwanamke aliyekuzaa, nawe unangoja vigae kutoka London.

Havitakuja. Nimezungumza na fundi mwenyewe, nimemlipa ujira na misumari. Jumamosi asubuhi atafika kwako kwanza, ataliezua banda, kisha atakwenda kwa mama. Utampokeza bati moja moja, mbele ya wazee wale wale waliokupigia makofi. Mama mdogo atawaalika.

Nisalimie shemeji, mkeo, ambaye najua alikukanya ukamnyamazisha. Msalimie mjomba, mwenyekiti wa kikao. Mwambie aje na ngazi yake. Mama usimpelekee salamu zangu. Nitampigia mwenyewe Jumamosi jioni, akiwa kitandani kwake.

Ni mimi kaka yako, ambaye hasira bado haijamtoka,

Anania